Fundo Halifumuki: Istilahi za Kufuma Chini ya Mlima Meru

Mtu akizipitia orodha za istilahi zilizotolewa na Baraza tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ataona kwamba nyanja zilizotangulizwa ni zile za ofisi, za mahakama na za darasa. Ndivyo ilivyopasa. Nchi iliyokwisha kuamua kuendesha shughuli zake kwa Kiswahili ilihitaji kwanza maneno ya kuandikia barua za serikali, ya kuhukumia kesi na ya kufundishia hesabu. Lakini zipo kazi nyingine ambazo hazikungoja orodha. Zilifanywa uani na barazani, zikauzwa sokoni, zikalipia ada za watoto, na hadi leo istilahi zake hazijakubaliwa. Makala haya yanahusu mojawapo ya kazi hizo, yaani kufuma uzi kwa sindano moja yenye ndoano nchani, kazi ambayo akina mama wa Arusha na Meru huiita kufuma tu, au kroshia wanapotaka kuitenga na nyingine.

Nilivutwa katika jambo hili na aibu, nami naona ni afadhali nianze na aibu hiyo. Kabla ya kuajiriwa katika kazi ya istilahi nilikuwa nikifasiri kwa malipo. Shirika moja, ambalo halina haja ya kutajwa, liliniletea karatasi za maelekezo ya kufuma kofia za watoto wachanga, zilizoandikwa kwa Kiingereza, ili nizifasiri na zigawiwe kwa kikundi cha akina mama katika miteremko ya Meru. Mnunuzi wa kofia alikwisha kupatikana. Sikuwa nimepata kushika sindano ya kufumia hata siku moja. Lakini kijana aliyetoka chuo kikuu haogopi karatasi tatu. Palipokuwa na jina la namna ya kufuma nisilolijua, nilitafuta maelezo yake, nikayapata, nikayaandika kwa Kiswahili kilichonyooka. Kofia zikafumwa. Zilipoletwa zilikuwa ndefu kama mifuko, zimejaa matundu, na mtoto akivikwa zinamfunika macho hadi puani. Mnunuzi alizikataa. Akina mama wakakaa chini wakazifumua zote, wakauzonga uzi upya. Uzi uliokwisha kufumwa na kufumuliwa haurudii ulaini wake wa kwanza, na siku walizozipoteza hakuna aliyewalipa.

Kosa lilikuwa wapi? Maelekezo yale yaliandikwa na Mwingereza. Maelezo niliyoyatafuta yaliandikwa na Mmarekani. Watu hawa wawili husema lugha moja, lakini katika kazi ya kroshia hutumia jina moja kwa vitu viwili tofauti. Ile namna fupi ya kujengea kitambaa, ambayo Mmarekani huitaja kwa neno lenye maana ya “moja”, Mwingereza huitaja kwa neno lenye maana ya “maradufu”. Neno hilohilo la “maradufu” kwa Mmarekani ni namna nyingine, ambayo kimo chake ni kama mara mbili ya ile ya kwanza. Na ngazi nzima huenda hivyo: jina la Mwingereza daima limekaa daraja moja juu ya lile la Mmarekani. Mfasiri asiyelijua jambo hili anaweza kufasiri kila neno sawasawa na bado akaiharibu kazi yote. Ndilo lililonipata.

Miaka michache baadaye, mwalimu mmoja wa ufundi alipotuletea ombi la istilahi za ushonaji na ufumaji kwa ajili ya wanafunzi wake, nilizikumbuka zile kofia. Niliazimia safari hii kuanzia shinani. Siku hizi vitabu vya kale vya kushona, kudarizi na kufuma, ambavyo zamani mtu angevikuta katika maktaba chache za Ulaya, vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa katika intaneti, na yeyote anaweza kuvisoma bila malipo. Mradi uitwao Antique Pattern Library umekusanya vitabu vingi vya namna hii. Na katika hazina ya Project Gutenberg kimo kitabu kikubwa cha Thérèse de Dillmont, mwanamke mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi pamoja na kampuni ya nyuzi ya DMC ya mji wa Mulhouse. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1886, kisha kikafasiriwa katika lugha kadhaa. Nilivisoma vitabu hivyo jioni baada ya jioni, hata mlinzi wa zamu akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna mtoto njiani.

Aina hii ya vitabu ina umri mkubwa. Vya kwanza kupigwa chapa vilitokea mjini Augsburg, Ujerumani, katika miaka ya 1520, navyo vilikuwa karibu vyote ni michoro. Vimesalia vichache sana, kwa sababu wenye kuvinunua walivitumia hadi vikaisha. Karatasi ilitobolewa kwa sindano kufuata mistari ya mchoro, ikatandazwa juu ya kitambaa, ukapitishwa unga wa makaa katika vile vitundu, na mchoro ukabaki kitambaani tayari kudariziwa. Ukurasa uliotumika namna hiyo mara nyingi hupasuka. Kwa mfasiri, hata hivyo, enzi ile ilikuwa ya raha, maana mchoro hauhitaji kufasiriwa. Taabu ya istilahi ilianza pale maandishi yalipochukua nafasi ya mchoro.

Tena kroshia yenyewe, kinyume cha dhana ya wengi, si kazi ya kale sana. Vielelezo vya mwanzo kabisa vya kazi hii vilivyopigwa chapa vimo katika jarida la Kiholanzi liitwalo Penélopé, la miaka ya 1820. Mwaka 1840 Jane Gaugain alitoa mjini Edinburgh kitabu chake cha kufuma kwa sindano ndefu, kusuka nyavu na kufuma kwa kroshia, na ilimbidi abuni alama zake mwenyewe za kufupishia maelekezo, kwa kuwa hapakuwa na alama zilizokubaliwa na wote. Waliomfuata walibuni zao. Njaa kuu ilipoipiga Ireland kuanzia mwaka 1845, maelfu ya wanawake maskini walifundishwa kufuma lesi kwa kroshia ili waiuze na kununua chakula, na vitabu vya vielelezo vikazidi kuenea. Kila mwandishi alikuja na majina yake. Hapakuwa na chombo cha kuyasawazisha. Matokeo yake ni ule mgawanyiko ulioniponza mimi: Kiingereza, lugha ambayo baadhi yetu hudhani kwamba ina neno moja la hakika kwa kila kitu, kimekaa na fujo hii kwa zaidi ya karne moja, na mwandishi mwangalifu hulazimika kutangaza juu ya karatasi yake kwamba ametumia majina ya upande gani.

Nilipolinganisha lugha nyingine niliona jambo lililonifaa zaidi. Kile ambacho Kiingereza hukitaja kwa neno la mshono, yaani kile kipande kimoja kimoja cha uzi kinachoshikana na mwenzake hadi kitambaa kikatokea, Mfaransa hukiita maille, Mjerumani Masche, Mpolandi oczko. Maneno hayo matatu hutumika pia kwa tundu moja la wavu wa mvuvi. Na hilo la Kipolandi asili yake ni jicho. Ni kijicho, kwa kweli. Nililiandika pembeni mwa daftari bila kujua bado litanisaidia nini.

Sasa turudi kwetu. Kiswahili hakikuwa maskini wa maneno ya nyuzi. Katika magofu ya Kilwa wachimbuaji wamekuta vigurudumu vya pia za kusokotea pamba, na Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ameandika habari za nguo zilizofumwa Mogadishu na kupelekwa hata Misri. Huko bara Wafipa walifuma nguo za pamba hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Lugha ilikuwa na kitanda cha mfumi, ikawa na mtande kwa nyuzi zinazotandwa kwa urefu, na mshindio kwa nyuzi zinazopitishwa katikati yake. Kisha ikaja nguo ya kiwandani. Wamarekani walitiliana mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar mwaka 1833, na shuka zao nyeupe zikaenea mpaka zikachukua jina la nchi yao: merikani, au marekani, kama lisemwavyo katika sehemu nyingine. Kitanda cha mfumi kikaondoka taratibu. Mtande na mshindio yakahamia katika kamusi. Kitenzi fuma kikabaki hakina mzigo, na kazi mpya za nyuzi zilipokuja kikabebeshwa zote: kufuma kwa mtambo, kufuma kwa sindano mbili, kufuma kwa kroshia. Ndiyo maana leo mtu akisema mama fulani anafuma, msikilizaji hajui kama amekaa kitandani pa mfumi au ameshika sindano yenye ndoano.

Ushonaji ulikuwa na bahati nzuri zaidi. Yeyote aliyemtazama fundi wa kanzu anajua kwamba vazi lile halina sehemu isiyo na jina: kaba inayozunguka shingo kwa ndani, taharizi za ubavuni, kikwapa, lisani, sijafu. Kofia ina viua vyake. Urembo wa nyuzi una darizi, una nakshi, una almaria, ambalo hudhaniwa limetokana na Kireno. Mashine yenyewe ni cherehani, neno lenye asili ya Kiajemi. Mengi ya maneno haya yalikwisha kuingizwa katika kamusi ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikayarithi.

Kwa nini basi maneno ya fundi wa kanzu yaandikwe, na ya mfumaji wa kroshia yasiandikwe? Kwa maoni yangu, sababu moja ni mahali pa kazi. Fundi wa cherehani alikaa barazani, njiani, na mtunga kamusi alimpita kila siku akaweza kumuuliza. Aliyefuma vitambaa vya meza alikaa ndani au uani, na aliyekwenda kumtazama hakuwa mtu wa kamusi. Isidhaniwe kwamba wanawake hawakuwa na desturi ya kutaja vitu kwa usahihi. Ni nani asiyejua kwamba kanga ina pindo, mji na jina? Lakini kanga ilikuwa bidhaa, ikapita katika mikono ya wafanyabiashara na barua zao. Kitambaa cha kufuma kilipita kwa jirani.

Sababu ya pili ni ya hapa Meru hasa, nami sijaiona ikielezwa. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, baada ya wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, kuuawa Akeri mwaka 1896, walirudi na kufungua kituo cha Nkoaranga mwaka 1902, na kingine Ilboru, jirani na boma la Arusha, mwaka 1904. Wasichana katika shule za misheni hiyo walifundishwa kazi za sindano. Miongoni mwa picha za wamisionari wa Leipzig zilizohifadhiwa leo katika Chuo Kikuu cha Southern California zimo zinazoonyesha mafunzo ya namna hiyo. Kwa hiyo walimu wa kwanza walikuwa Wajerumani, nao kwa namna ile fupi husema “jicho imara”, na kwa ile ndefu husema “kijiti”. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na katika miaka ya 1920 Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kuishika kazi ya misheni kwa muda. Wao “maradufu” yao ni ile ndefu. Serikali ilikuwa ya Waingereza, na shule zake zilifuata vitabu vya Uingereza. Wao “maradufu” yao ni ile fupi. Kisha, mwaka 1942, wakaja Wapolandi.

Habari ya Tengeru inajulikana kwa wakazi wa Arusha, lakini huenda msomaji wa mbali hajaisikia. Wapolandi hawa walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka mashariki ya nchi yao na kupelekwa ndani ya Urusi ya Kisovieti katika miaka ya 1940 na 1941. Walipoachiliwa walipitia Iran, na maelfu yao wakaletwa Afrika ya Mashariki. Kambi ya Tengeru, karibu na ziwa Duluti, ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijenga nyumba za mviringo, kanisa, hospitali, shule za msingi na za sekondari, na shule za ufundi, ushonaji ukiwemo. Wengi waliondoka kabla ya mwaka 1952. Makaburi yao yangalipo, yametunzwa vizuri, ndani ya eneo ambalo sasa ni la chuo cha mifugo. Wapolandi kwa namna ile ndefu husema “kinguzo”, na kwa ile fupi, “nusu kinguzo”.

Hebu tuyatazame haya kwa pamoja. Katika muda usiozidi miaka 50, katika mteremko mmoja wa mlima mmoja, zilipita njia nne za kutaja kazi moja: kijiti, maradufu, maradufu nyingine isiyo ile, na kinguzo. Mwanafunzi wa Kimeru au wa Kiarusha aliyekaa mbele ya walimu hao, ambao wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kujifunza ukubwani, angeshika neno gani? Nadhani hakushika lolote. Alitazama mikono. Aliporudi nyumbani alimfundisha mdogo wake kwa mikono vilevile, akisema: ingiza, zungusha, vuta. Kazi ikavuka kwa ukamilifu wake kutoka kizazi hadi kizazi, na majina yakabaki kwa wageni.

Hayo yalikuwa mawazo ya mezani, na nilihitaji kuyapima. Mwaka jana nilipanda hadi karibu na Nkoaranga, nikiwa na rasimu ya istilahi mkobani, kumtafuta mama mmoja wa kile kikundi cha kofia. Nilimkuta chini ya migomba, kitambaa magotini. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitikia, akanitazama, akasema, “Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye wa zile kofia?”

Baada ya kuomba radhi na kupewa chai, nilimwuliza swali lililonisumbua tangu siku ile. Walikuwa wafumaji wa miaka mingi. Je, hawakuona tangu kofia ya kwanza kwamba ni kubwa mno?

“Tuliona,” akasema. “Lakini karatasi ilisema. Tukasema labda watoto wa huko wana vichwa vikubwa.”

Jibu hili nimelifikiria mara nyingi. Mikono yao ilijua, na neno lililoandikwa likaishinda mikono. Mwenye kazi ya kuandika maneno ya wengine hana budi kuliogopa jambo hilo.

Nikamsomea rasimu yangu. Nilikuwa nimeandika fundo kwa ule mshikano mmoja, kisha fundo la mnyororo, fundo fupi, fundo refu. Neno fundo lilinipendeza: ni la Kibantu, ni fupi, kila mtu analijua. Mama yule hakubishana. Alichukua kitambaa alichokuwa akikifuma, akachomoa sindano, akashika ncha ya uzi na kuivuta polepole. Safu nzima ikafumuka mbele yangu mpaka mwanzo wake.

“Hayo ni mafundo?” akauliza. “Fundo halifumuki, mwanangu. Fundo ukilikaza mpaka ulifungue kwa kucha, au ulikate.”

Rasimu yangu ya miezi minne ilikwisha hapo. Na alikuwa na haki kabisa. Sifa ya msingi ya kazi hii, ile inayoitenga na kusuka wavu, ni kwamba kila mshikano ni kitanzi kilichopitishwa ndani ya kitanzi, bila kufungwa. Ndiyo sababu kosa linaweza kufumuliwa, na ndiyo sababu akina mama wale waliweza kuupata uzi wao tena. Nikamwuliza, kama si fundo, yeye hukiitaje? Akafikiri. Akaanza kunionyesha: naingiza hapa, nazungusha, navuta. Jina hakuwa nalo. Nikakumbuka lile neno la pembeni mwa daftari, nikamwambia kwamba wavuvi husema wavu una macho.

“Kama macho ya chandarua?” akauliza. Nikasema ndiyo. Akahesabu kwa ncha ya sindano juu ya kitambaa: jicho, jicho, jicho. Akasema linafaa, maana sindano hupita hapo.

Jicho basi halikutoka Ulaya. Wavuvi wetu wanalo, na kanuni za uvuvi hutaja ukubwa wa macho, au matundu, ya nyavu. Na chandarua si kitu kigeni Arusha: tangu mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha hapa kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset, ambavyo kitambaa chake hufumwa kwa mashine kwa njia hiyohiyo ya vitanzi, si kwa mtande na mshindio. Mtumishi wa serikali anayefasiri hati za zabuni za vyandarua, na mwalimu anayefundisha kufuma sweta, wanahitaji neno moja, bila kujuana. Tahadhari ni moja tu: tusiseme kijicho. Mfasiri wa Kipolandi atavutwa kulitumia, lakini kwetu kijicho ni husuda.

Kuhusu ile ngazi ya urefu, mama yule alinipa zaidi ya nilichoomba. Nilimweleza habari ya Mwingereza na Mmarekani. Akasikiliza, kisha akauliza, “Maradufu ya nini? Mara mbili ya kitu gani?” Swali hilo sijaona likijibiwa katika kitabu chochote nilichokisoma. Yeye hutofautisha kwa tendo: hii ni ya bila kuzungusha, hii ya kuzungusha mara moja, hii ya mara mbili. Maana yake ni hii. Katika namna fupi, sindano huingizwa bila uzi kuzungushwa kwanza. Uzi ukivutwa, vitanzi viwili hukaa juu ya sindano, navyo hupitwa kwa pamoja. Katika namna ndefu, uzi huzungushwa mara moja kwenye sindano kabla ya kuingizwa. Ukivutwa, vitanzi huwa vitatu, navyo hupitwa viwili, kisha viwili. Idadi ya mizunguko haibishaniwi na Mwingereza wala Mmarekani, wala haihitaji mtu kujua kitabu kilitoka wapi. Rasimu mpya kwa hiyo inapendekeza jicho fupi, jicho la mzunguko mmoja, jicho la mizunguko miwili, na kuendelea. Na kwa ule mwanzo wa kila kazi, mnyororo.

Mwenzangu ofisini amepinga mzunguko, na hoja yake si ya kupuuzwa. Kofia hufumwa kwa kuzunguka kutoka utosini, na wafumaji wengine huita kila mzingo wa kazi mzunguko. Karatasi ikisema “mizunguko miwili”, je, ni ya uzi au ya kofia? Tumeafikiana kwamba mzingo wa kofia uitwe duara, na mzunguko uachwe kwa uzi peke yake, kazi ya kwenda na kurudi ikihesabiwa kwa safu. Sina hakika kwamba watu watatufuata.

Kuhusu jina la kazi yenyewe, wapo waliotaka tuikatae kroshia na kusema ufumaji wa ndoano. Mfaransa aliyeiita crochet hakufanya zaidi ya kusema “kindoano”, nasi tungeweza kufanya vivyo hivyo. Lakini kroshia imekwisha kukaa vinywani, inatamkika, na haigongani na neno jingine. Naiunga mkono. Fuma na ibaki kitenzi mama, ikifuatwa na chombo pale panapohitaji kutenganishwa: kufuma kwa mtambo, kwa sindano mbili, kwa kroshia. Mtande na mshindio yarudishwe darasani, maana wanafunzi wa nguo wanayahitaji na yamelala bure.

Limebaki moja ambalo limetushinda. Ni ile namna isiyo na kimo, inayotumika kufunga duara au kusogea pembeni bila kuinua kitambaa. Kwa bahati Mwingereza na Mmarekani hapa wanakubaliana: wote huitaja kwa neno la kuteleza. Mfaransa naye husema limetelezeshwa, Mpolandi husema limebana, na Mjerumani hulihusisha na mnyororo, jambo ambalo kwetu lingeleta mgongano. Mama wa Nkoaranga alisema tu, “Hiyo ni ya kufunga,” lakini mara hiyohiyo akanionyesha akiitumia pasipofungwa kitu. Nafasi yake katika rasimu nimeiacha wazi. Walimu wa ushonaji na wafumaji walio na neno linalotumika kwao wanaombwa watuandikie, wakitaja mahali linaposemwa na, ikiwezekana, wakiambatisha kipande kilichofumwa.